Kiteso cha Busia na Malaba: maneno yake, maana zake na yanayopotea katika tafsiri

MPAKA wa Kenya na Uganda uliizawadia Afrika Mashariki neno moja ambalo leo hakuna asiyelijua: boda boda. Neno hilo lilizuka Busia na Malaba katika miaka ya 1960 na 1970, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, huku wakinadi safari yao kwa Kiingereza kilichokatwakatwa. Tangu hapo neno limesafiri hadi Dar es Salaam na Juba, na baiskeli nyingi zimegeuka pikipiki.

Lakini katika miji hiyo hiyo miwili yapo maneno mengine, yenye umri mkubwa kuliko mpaka wenyewe, ambayo hayajasafiri popote na ambayo wengi wa wanaopita hapo kwa malori na mabasi hawajapata kuyasikia. Hayo ni maneno ya Kiteso, lugha ambayo wenyewe huiita Ateso.

Lugha hii ina kamusi tangu zamani za ukoloni. Hata hivyo, kamusi hizo zilitungwa kwa kuutazama upande wa Uganda, na maana zake zikatolewa kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Kiteso anayekulia Malaba, Amagoro, Amukura au Angurai, na ambaye lugha yake ya kila siku na majirani ni Kiswahili, hilo ni pengo lenye athari. Yapo maneno ya nyumbani kwao ambayo Kiingereza hakiyafikii, ilhali Kiswahili kingeweza kuyafikia kwa urahisi.

Lugha iliyokatwa na mstari

Aprili 1, 1902, serikali ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari uliochorwa uliwagawa Wateso: walio wengi wakabaki Uganda, na kundi la kusini likajikuta limepasuliwa, baadhi wakiwa Tororo na wengine upande wa Kenya.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wateso wa Kenya walikuwa 417,670. Wengi wao huishi katika maeneo ya Teso Kaskazini na Teso Kusini, Kaunti ya Busia, kaunti iliyohesabiwa kuwa na wakazi 893,681 mwaka huo. Upande wa Uganda idadi yao inapita milioni mbili.

Majirani wa Wateso katika Busia ni Wasamia, Wakhayo na Wamarachi, ambao lugha zao ni za jamii ya Kibantu na husikilizana na lugha nyingine za Waluhya. Kiteso hakimo katika ukoo huo. Ni lugha ya Waniloti wa mashariki, ndugu wa karibu wa Kikarimojong na Kiturkana, na jamaa wa mbali wa Kimaasai. Ndiyo maana msemaji wa Lusamia na msemaji wa Kiteso wanaweza kuishi wakigawana ua mmoja kwa miaka hamsini, na bado wakahitaji Kiswahili ili waelewane.

Udugu huo unaonekana katika maneno ya kawaida kabisa. Maji kwa Kiteso ni akipi, na Mturkana wa Lodwar husema ngakipi. Ng'ombe jike ni aite kwa wote wawili, na moto ni akim kwa wote wawili. Kumi kwa Kiteso ni itomon, na Mmaasai wa Kajiado au wa Monduli, ambaye hajapata kukanyaga Malaba, husema tomon.

Salamu na maneno ya mlangoni

Anayefika katika boma la Wateso huanza kwa kusema "Yoga", salamu inayofanya kazi ile ile ya "Hujambo", na ambayo haihusiani kamwe na mazoezi ya viungo yaliyotoka India. Wakiwa wengi huambiwa "Yoga kere", kwani kere ni wote. Kisha hufuata "Ijai biai?", yaani u hali gani, na jibu huwa "Ejok", ni vyema. Kushukuru ni "Eyalama", na anayetaka kushukuru sana huongeza noi, neno linalokoleza kila sifa: "Eyalama noi."

Msemaji wa Kiswahili akiendelea kusikiliza atakutana na mitego. Papa kwa Kiteso ni baba, wala si samaki. Toto ni mama, kinyume kabisa cha anavyotarajia Mswahili, ambaye akisikia "toto" humfikiria mtoto. Mtoto kwa Kiteso ni ikoku. Mam nalo, ambalo sikio la mgeni hulidhania kuwa ni mama, maana yake ni hapana, au siyo. Na Amina, ambalo kwa wengi ni jina la msichana au mwisho wa dua, kwa Kiteso ni kupenda. "Amina eong ijo", ukilifuata neno kwa neno, ni "napenda mimi wewe", kwa maana kitenzi katika Kiteso hutangulia, kikafuatwa na mtenda, na mtendwa akaja mwisho.

Herufi moja inayobeba jinsia

Jambo la kwanza analopaswa kulifahamu mwanafunzi wa Kiteso ni kazi ya herufi inayoanzisha nomino. Kiswahili hugawa nomino zake katika ngeli nyingi bila kujali kama kinachotajwa ni cha kiume au cha kike. Kiteso hugawa kwa jinsia. Aghalabu e- ni ya kiume, a- ni ya kike, na i- ni ya kitu kidogo, kichanga au kisichotajwa jinsia yake. Kwa hiyo mwanamume ni ekiliokit, mwanamke ni aberu, na mtoto ni ikoku.

Mfano ulio wazi zaidi ni jina la watu wenyewe. Mwanamume wa Kiteso ni Etesot, mwanamke ni Atesot, watu wakiwa wengi ni Iteso, na lugha yao ni Ateso. Shina ni moja, mabadiliko yako mwanzoni na mwishoni. Kadhalika mganga wa kiume ni emuron, na wa kike ni amuron.

Utaratibu huu una taabu yake kwa mtunga kamusi. Nomino nyingi huanza na a, e au i, na vitenzi vinapotajwa vyenyewe huanza na a: akinyam ni kula, aimat ni kunywa. Maneno yakipangwa kwa herufi ya kwanza, kurasa za a, e na i hujaa pomoni na herufi nyingine zikabaki karibu tupu. Watunzi wa kamusi za Kiswahili waliepuka tatizo kama hilo walipoamua kuliondoa ku- la mwanzo, ndipo "kusoma" likatafutwa chini ya "soma". Katika Kiteso mtafutaji asiyelijua shina huweza kuzunguka kurasa nyingi kabla hajalipata neno alilolisikia sokoni asubuhi.

Nambari zinazohifadhi historia

Kuhesabu kwa Kiteso ni somo la historia pia. Moja ni diope, mbili ni aarei, tatu ni auni, nne ni aongon, na tano ni akany. Hapo hesabu husimama na kuanza upya. Sita ni kanyape, saba ni kanyaarei, nane ni kanyauni, na tisa ni kanyaongon, yaani tano na moja, tano na mbili, tano na tatu, tano na nne. Wapo wanaoandika sehemu hizo mbili mbalimbali, na herufi ya mwanzo ya nambari hufuata jinsia ya kinachohesabiwa.

Ndani ya sita mna siri. Kama moja ni diope, basi kwa nini sita isimalizike kwa diope? Jibu liko Turkana, ambako moja bado ni apei au epei. Inaelekea kwamba Kiteso kilibadilisha neno lake la moja, lakini la kale likasalia limejificha ndani ya sita.

Maneno ambayo Kiingereza hayakitoshi

Vitabu vya kwanza vya kuifafanua lugha hii viliandikwa na wageni. A. L. Kitching, mmisionari wa Kianglikana, alichapisha mwongozo wa Kiteso mwaka 1915. Padri J. Kiggen alitoa kamusi mwaka 1953. Kisha J. H. Hilders na J. C. D. Lawrance wakatoa utangulizi wa lugha mwaka 1956, na orodha ya maneno ya Kiingereza kwa Kiteso na Kiteso kwa Kiingereza mwaka 1958. Kazi zao ni hazina, na hakuna anayechunguza lugha hii leo anayeweza kuzipuuza. Lakini kila orodha ya maneno hubeba fikra za lugha inayotafsiriwa humo, na hapo ndipo maana zinapopungua.

Mfano ni neno "sisi". Kiingereza kina neno moja, na Kiswahili vilevile. Kiteso kina mawili. Oni ni sisi pamoja nawe unayeambiwa. Isio ni sisi bila wewe. Mzee akisimama katika mkutano wa kijiji na kusema oni, amewakumbatia wote wanaomsikiliza. Akisema isio, amewatenga kwa upole wale anaosema nao. Tafsiri ya Kiingereza huyarudisha yote mawili kuwa neno moja, na msomaji hatajua kama msemaji alikuwa akimkaribisha au akimwonyesha mlango. Katika eneo ambalo Wateso, Wasamia, Wakhayo na wageni wa biashara hukutana kila siku kujadili ardhi, masoko na uongozi, tofauti hiyo si ndogo.

Neno la pili ni mamai, yaani ndugu wa kiume wa mama. Kiingereza humwita kwa jina lile lile analopewa ndugu wa baba, na mtoto anayesoma kwa Kiingereza pekee huanza kuwaona kuwa ni watu wa aina moja. Kiswahili hakina upungufu huo, kwani mjomba ni mjomba, na baba mdogo ni baba mdogo. Hapa tafsiri ya Kiswahili inamfaa zaidi mtoto wa Malaba kuliko ya Kiingereza.

La tatu ni emuron. Katika maandishi mengi ya Kiingereza ya zama za ukoloni, waganga, wapiga ramli na wachawi walitiwa katika kapu moja. Kiteso hakiwachanganyi. Emuron ni mwaguzi na mganga, mtu anayeendewa hadharani mtu anapougua au mvua inapokatika. Ekapilan ni mchawi, anayedhuru kwa siri. Kiswahili pia kinatenga mganga na mchawi, na kila anayejua jinsi tuhuma za uchawi zinavyoweza kumgharimu mzee nyumba yake, au hata uhai wake, ataona kwamba kuyachanganya maneno hayo ni hatari inayovuka mipaka ya sarufi.

La nne ni ekatubon, hakimu. Limetokana na kitenzi aitub, kukata. Mswahili huelewa mara moja, maana naye hukata shauri, hukata rufaa na hukata kauli. Kitabu cha Waamuzi katika Biblia ya Kiteso huitwa Ikatubok, wakataji, na msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ekapolon, mkubwa au kiongozi, limejengwa kwa namna iyo hiyo, juu ya shina lenye maana ya ukubwa.

Na la tano ni ajon, pombe ya wimbi. Kuliita bia ni kulikosea. Ajon haimiminwi katika glasi ya mtu mmoja. Huwekwa katika chungu kimoja, ikaongezwa maji ya moto, na wanywaji wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Wateso wa Kenya na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1978, alichapisha pia makala mwaka 1980 kuhusu unywaji huo na maana yake katika maisha ya jamii. Kuketi kwenye chungu kimoja ni kukiri kwamba hakuna kinyongo kati yenu. Mtu anayekwepa chungu cha jirani amesema mengi bila kufungua kinywa.

Maneno ya imani, ukoo na ardhi

Mungu katika makanisa ya Wateso huitwa Edeke. Historia ya jina hilo ni ya ajabu. Walioandika kuhusu dini ya zamani ya Wateso hueleza kwamba Akuj ndiye aliyekuwa mwenyezi wa juu, na jina lake lina uhusiano na kuju, yaani juu au mbinguni. Edeke alihusishwa na maafa na maradhi, na shina lake bado lasikika katika adeka, ugonjwa au maumivu. Kanisa lilipokuja, jina lililoshinda ni Edeke. Ndugu zao Waturkana walibaki na Akuj hadi kanisani. Hivyo Mkristo wa Lodwar na Mkristo wa Amukura humwomba Mungu mmoja kwa majina mawili, ambayo mababu wa pamoja waliyatumia kwa maana tofauti.

Ateker ni ukoo, lakini maana yake hupanuka. Hutumiwa pia kwa jamii zote zenye lugha zinazofanana: Iteso, Karimojong, Turkana, Jie, Toposa wa Sudan Kusini na Nyangatom wa Ethiopia. Simulizi za wazee hueleza kwamba vijana walipoamua kuendelea na safari, waliochoka walibaki nyuma, na hao ndio wakaitwa Karimojong, jina ambalo ndani yake limo imojong, wazee. Wazee nao, kwa mujibu wa simulizi hiyo, waliwaonya vijana kwamba waendako ni kaburini, yaani ates, na hapo ndipo jina Iteso lilipotoka. Huenda simulizi hiyo ni maelezo yaliyotungwa baadaye, lakini husimuliwa pande zote.

Akwap ni ardhi, na pia ni nchi, na pia ni dunia. Mteso akisema akwap, anayemsikiliza hulazimika kuangalia muktadha ili ajue kama ni shamba la urithi linalozungumzwa, au Kenya, au ulimwengu mzima.

Maneno ya kuazima

Kiteso, kama lugha zote, kimeazima. Uongozi wa awali wa kikoloni huko Teso uliletwa na Waganda waliomfuata Semei Kakungulu, na Luganda ikawa lugha ya ofisi na shule. Ndipo maneno yakaingia: ekitabo ni kitabu, ebaluwa ni barua, esaawa ni saa, emeja ni meza. Msemaji wa Kiswahili huyatambua yote, kwa kuwa Luganda nayo iliyapata kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Kiteso hakina sauti f, h wala z katika maneno yake ya asili, na ndiyo sababu meza ikawa emeja.

Upande wa Kenya mambo yamekwenda njia nyingine. Luganda haikuwa lugha ya shule, na maneno mapya yamekuwa yakiingia moja kwa moja kutoka katika Kiswahili, Kiingereza na lugha za Waluhya. Kadiri miaka inavyopita, Kiteso cha Soroti na cha Malaba vinaendelea kusikilizana, lakini kila upande husikia ugeni katika kinywa cha mwenzake.

Nani atakayeyaandika?

Tofauti kubwa iko katika maandishi. Uganda ilianza mwaka 2007 kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za wenyeji, Kiteso kikiwemo, na kwa miaka mingi ilikuwa na gazeti la Kiteso, Etop. Kenya nayo, katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, inaitaka serikali kuendeleza lugha za kiasili na matumizi yake, na mtaala wa umilisi unazipa lugha hizo nafasi katika Gredi ya 1 hadi ya 3.

Lakini sera ya lugha shuleni, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa ni kutumia lugha inayosemwa na wengi pale shule ilipo. Katika miji ya mpakani, iliyojaa madereva, mawakala wa forodha na wachuuzi wa kila kabila, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto wa Kiteso wa mjini Malaba hukikuta Kiteso nyumbani tu, kama bado kinasemwa huko.

Uhusiano wa pande mbili haujakatika. Kiongozi wa kitamaduni wa Wateso huitwa Emorimor, jina lenye maana ya anayeunganisha. Wa kwanza, Augustine Osuban, alitawazwa mwaka 2000, na alipofariki mwaka 2022 alirithiwa na Paul Sande Emolot. Wateso wa Kenya nao humtambua. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha safari za wafanyabiashara, na pamoja nao safari za maneno.

Kinachokosekana ni kitu kidogo kwa umbo: orodha ya maneno ya Kiteso cha upande wa Kenya, iliyofafanuliwa kwa Kiswahili, yenye oni na isio, mamai na ekatubon, pamoja na mifano ya jinsi yanavyotumika. Wanaoyajua maneno hayo kwa ukamilifu ni wazee, wale ambao Kiteso huwaita imojong, na ni kwao ambako kazi hiyo ingepaswa kuanzia.